Mifuko ya Kitambaa Nyeupe

Maman Adélaïde hakupenda mutu amuite présidente. Ukimuita hivyo anakujibu, "Présidente wa nani? Mimi ni mupishi tu." Na kweli kazi yake ilikuwa kupika, ila alipika muchele ungali ndani ya maganda. Nyumba zetu ziko karibu hapa Kadutu, tunasali katika shirika moja ya wakristo, na tangu mwaka wa 2022 tulikuwa pamoja katika koperative ya wamama kumi na wanane, jina lake Tubebane. Ninaandika habari hii kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kuisimulia. Akianza, anafika kwenye jina Luberizi na anashika kazi nyingine.

Kazi hiyo tulifundishwa na mwanamuke mwenzetu wa Bénin, anaitwa Afiavi. Makoperative ya kule ndiyo yalimutuma kwetu kwa majuma matatu. Sisi tulizoea walimu wanaokuja na makaratasi, wanatukalisha kwenye viti kama watoto. Afiavi alifika, akavua viatu, akauliza kuni ziko wapi. Alituonyesha kulowesha mupunga ndani ya maji ya moto mupaka asubuhi, kuupitisha kwenye mvuke katika chungu kubwa yenye matundu, kuukausha kivulini, na ndipo tuupeleke kwenye mashine ya kukoboa. Ukifanya hivyo punje hazivunjiki, na muchele unashibisha zaidi. Kasoro yake ni rangi: unakuwa manjano kidogo. Siku za kwanza, wanunuzi wa soko ya Nyawera walituchekelea.

"Maman, muchele yako iko na ugonjwa ya ini?"

Adélaïde anajibu polepole, "Iko mugonjwa, papa. Uibebe kwako, uiponyeshe na mboga ya sombe."

Waliibeba. Walirudi. Mwaka uliofuata hatukuwa tunafunga siku na muchele uliobaki kwenye meza.

Mupunga wenyewe ulitoka Luberizi, kule bondeni, kwa papa Stanislas na walimaji wenzake kumi na wawili. Stanislas ni mutu mwembamba, mwenye kuongea kidogo. Akileta mizigo alilala kwa Adélaïde, na Adélaïde akienda bondeni alilala kwa muke wa Stanislas. Afiavi alipoona hayo alifurahi. Alisema mpango wao wa kule ni kufunga kamba ndefu: sisi, wao, na wamama wa Burkina, tupeane mbegu, vyungu na akili, bila kungojea mutu wa mbali aje kutubariki. Adélaïde alimwambia, "Dada, kamba ndefu inataka njia." Tulicheka siku hiyo.

Kisha vita iliingia mujini. Kiwanja cha ndege cha Kavumu kikafungwa, banki zikafungwa, na barabara ya bondeni ikawa ya kubahatisha, leo inapita, kesho hapana. Watu wa Luberizi walikimbia. Waliporudi, ghala za mupunga zilikuwa tupu, hata mbegu hakuna.

Mwaka huu, mwezi wa kwanza, Stanislas alifika kwa Adélaïde na vumbi mupaka kwenye kope. Nilikuwa pale, nilileta samaki ndogo za sambaza kwa ajili ya mugeni. Alikula kwanza, kisha akasema neno lililomuleta.

"Maman, zamu yangu ya maji ni kisha majuma matatu."

Kule bondeni kila mulimaji ana zamu yake ya maji ya mufereji. Zamu ikifika na huna miche ya kupanda, maji inaenda kwa mwingine, na mara nyingi shamba inafuata maji.

"Na mbegu?" Adélaïde akauliza.

"Njo hiyo nimefuata. Nilizani munaweza kuwa na ile yangu ya zamani, ile hamujapika."

Ilikuwepo. Katika depo yetu kulikuwa mifuko kumi na miwili. Mitano ilikuwa mupunga mubichi wa Stanislas mwenyewe, na saba ilikuwa imekwisha kupita kwenye mvuke, ikingojea tu courant ya umeme irudi ili mashine ikoboe. Kwa macho huwezi kuitofautisha, yote iko na maganda yake. Ndiyo sababu Afiavi alitufundisha kufunga kitambaa nyeupe kwenye mufuko uliokwisha kupikwa, tusije tukaupika mara mbili.

Mupunga uliopikwa ni muchele uliokufa ndani ya nguo zake. Ukiupanda hauoti. Jambo hilo kila mumoja wetu alilijua, na Stanislas pia.

Asubuhi yake tulikwenda naye depo, Adélaïde, mimi na mubebaji mumoja. Adélaïde alifungua kufuli, akasema, "Ingia, papa Stanislas, chukua mitano yako. Unajua mupunga wako kupita sisi." Kisha akageuka, akasimama nje akiangalia barabara. Mimi pia niligeuka. Kwa jamaa yake Adélaïde ndivyo wanavyofanya: ukimupa mutu mbegu, usimufuate na macho. Macho yakifuata zawadi, ni kama mukono wako ungali unaishika. Mama yake alimufundisha hivyo angali mutoto wa kulima maharagwe, na ninaona ni adabu nzuri. Tulisikia mifuko ikitolewa, tulisikia mubebaji akilalamika kwamba wazee wa Luberizi wanapenda kuua watu na uzito, na Stanislas akimujibu, "Beba tu, kijana, utakula ugali ya kesho." Hakuna mutu aliyehesabu, hakuna aliyeangalia. Walipokwisha kuteremuka, ndipo Adélaïde akafunga mulango bila kuchungulia, akaenda misa.

Kumbe kule Luberizi, kitambaa nyeupe ni alama ya mbegu. Mulimaji akichagua mupunga bora wa kupanda, anaufunga na nyeupe ili mutu wa nyumbani asiuguse kwa njaa. Stanislas aliingia ndani ya giza ya depo, akaona nyeupe, akaona tumemuheshimu, tumemuwekea mbegu kama kwao.

Kisha siku tatu, Olive, mwenye kushika ufunguo wa pili wa depo, alikuta mifuko mibichi mitano imebaki. Alizani Adélaïde alimupa Stanislas muchele wa kula, sababu ya njaa ya kule. Na kwa kuwa siku hiyo kuni zilikuwepo, wamama wakawasha moto, wakaipika yote mitano. Adélaïde alikuwa kwenye kilio cha shangazi yake kule Bagira. Mimi nilikuwapo siku hiyo, nilichota maji. Niliona mifuko bila kitambaa na sikuuliza kitu.

Stanislas alipiga simu siku ya kumi na moja, kwa maana njia tu ilimula siku tano. Adélaïde aliweka telefone kwa sauti ya juu, tulikuwa tunachambua maharagwe.

"Maman, mbegu imelala."

"Imelala namna gani?"

"Nimelowesha, nimefunika na majani ya mugomba. Siku ya tatu nimefunua, hakuna jicho hata moja. Nimefunika tena. Leo inanuka chachu. Niliona maganda imekuwa nyeusi kidogo, nikasema ni moshi ya depo."

Adélaïde aliacha maharagwe. "Papa, mifuko ilikuwa na kitambaa?"

"Nyeupe. Yote mitano. Si njo ya mbegu?"

 Nilisikia Stanislas akisema "Allô? Allô?" kama mutu anayegonga mulango.

Mwishowe Adélaïde akamwambia kwetu nyeupe ni alama gani. Stanislas hakukasirika, na hilo lilimuumiza zaidi. Alisema tu, "Basi nitumie ile mingine, siku kumi zingali." Tulikwenda depo tukikimbia, wamama wa miaka yetu. Mifuko ilikuwepo, yote saba, yote na nyeupe. Olive alikuwa anafagia. Alituangalia nyuso zetu akasema, "Nilifanya nini?"

"Hukufanya kitu, Olive," Adélaïde akamwambia. 

Tulitafuta mbegu Nyawera, tukakuta muchele mweupe wa kula peke yake. Nilimushauri aandikie Afiavi. Alituma ujumbe wa sauti, akamueleza yote, na kwa haya yake akauliza kama kule Bénin wanajua dawa ya kuamsha mupunga uliopikwa. Afiavi alijibu akilia. Dawa hakuna. Lakini juma lililofuata alituma picha: wamama wa koperative yake, kila mumoja na bakuli, wamejaza mbegu mufuko mumoja mupaka shingoni. Wameupeleka Cotonou. Walitaka kujua tu ndege gani inafika kwetu.

Hakuna ndege inayofika kwetu. Tuliuliza padri, tukauliza wachuuzi wanaopita Rwanda. Mumoja akasema mbegu bila makaratasi inachomwa kwenye mupaka, mwingine akataja bei ambayo koperative yote haiwezi. Siku zikaendelea kwenda. Kwenye shirika tulisali novena, sala ya siku tisa. Ninaamini Mungu alisikia, siwezi kusema alijibu nini.

Zamu ya maji ilifika siku ya alhamisi. Mufereji ulifunguliwa na shamba ya Stanislas haikuwa na muche hata mumoja. Maji yalipewa mutu mwingine, na kisha siku nne shamba pia. Stanislas alienda Mwenga kuchimba zahabu, mutu wa miaka hamsini na saba. Walimaji wenzake kumi na wawili, wengine wamemufuata, wengine wako kambini. Bila mupunga wao hatuna cha kupika. Wamama wanane wameacha koperative, na siwalaumu.

Juzi Adélaïde alikuja kwangu sababu batri ya telefone yake haina moto. Afiavi aliuliza tena juu ya mufuko wa Cotonou, uko kwa binamu yake, mvua imeanza kule na panya wameuona. Adélaïde alishika telefone yangu karibu na mudomo, kama mutu anayetaka kusali.

"Dada Afiavi," akasema, "muikule. Muigawanye, kila mumoja na bakuli yake, muikule na watoto. Isiharibike bure. Waambie wamama aksanti."

Kisha akanirudishia telefone, akauliza kama ninaona ile sauti imeenda.