Nguzo za Turubai la Shangazi

Juzi nilikuwa na mume wangu mtaa wa Kanyenye, kwa fundi wa kuchomelea, nikipima nguzo za turubai mkononi kama mtu anayechagua papai. Tumepania kwenda kwa baiskeli kutoka Tabora hadi Ujiji kiangazi kijacho, tukifuata njia ya misafara ya zamani pale inapofuatika, na kulala njiani chini ya turubai. Yeye anataka mabomba ya alumini ya kuchomekana, yale ya antena za zamani. Mimi nilikuwa nimeshika mwanzi niliokuja nao. Niliukunja kidogo ukalia kwa ndani, na mara nikajiona mtoto, nimekaa kwenye keria ya baiskeli ya shangazi.

Shangazi, dada yake baba, aliishi Nzega na kuuza vitenge na sabuni minadani. Likizo nilipelekwa kwake. Siku za mnada tuliamka kwa harufu ya uji wa karanga, tukafunga mzigo kwa mipira ya tairi, tukashika njia ya Lusu. Juu ya mzigo kulikuwa na turubai la bluu, na ubavuni nguzo zake mbili.

Nguzo hizo zilimsumbua sana. Kwanza alikuwa na za bomba la chuma, baiskeli ikawa inayumba kama ng'ombe mgonjwa. Akajaribu fito za mkaratusi: mbichi zilipinda, zikikauka zinapasuka. Mwishowe akapata mianzi kwa jirani. Alikaa uani nusu siku nzima akiichagua, anaukunja mmoja, anaugonga mwingine na kutega sikio. Nikamuuliza anasikiliza nini.

"Nasikiliza kama una ufa," alisema. "Na uwe mwepesi. Mzigo huu nausukuma kwa magoti yangu."

Siku moja, tukirudi kutoka mnadani mchana, wingu jeusi lilisimama mbele yetu na upepo ukaanza kubeba vumbi. Shangazi hakutaka vitenge vilowe. Alisimika nguzo kando ya barabara, tukavuta kamba na kujibanza chini. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kugonga turubai alipotokea mwanamume akisukuma baiskeli, mkewe amekaa nyuma, amemshika kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Anaumwa?"

"Uchungu umemshika. Tulikuwa tunawahi hospitali."

Shangazi alimtazama yule mwanamke usoni. "Hamfiki," alisema. "Mlete ndani."

Alifungua mzigo wake wote. Vitenge vipya, ambavyo hakuwahi kuniruhusu nivishike kwa mikono yenye mafuta, alivitandika chini kimoja baada ya kingine. Mimi alinigeuza nitazame barabara, kwa hiyo nakumbuka zaidi sauti: mvua, mwanamke akiguna, mumewe akisali kwa Kinyamwezi. Kisha upepo ukapiga na mwanzi mmoja ukavunjika katikati. Turubai likatuangukia kichwani.

Nilidhani tumekwisha. Shangazi hakuondoka pale alipopiga magoti. "Leteni baiskeli yangu," alisema. "Isimamisheni upande wa upepo, mfunge kamba kwenye usukani." Yule mwanamume aliisimamisha, mimi nikafunga. Upande ule ukawa chini, upepo ukapita juu, na maji yakatiririka nje. Nilikaa nimekumbatia gurudumu lisianguke, mgongo umelowa, hadi niliposikia mtoto analia.

Alikuwa wa kike. Wakamwita Mbula, yaani mvua. Baadaye baba yake alimfuata shangazi mnadani na kuku, na mwanzi mpya mwepesi ambao shangazi aliugonga, akasikiliza, akacheka.

Kwa fundi nilimsimulia mume wangu haya yote. Tukakubaliana tuchukue nguzo moja tu ya alumini, fupi, na upande wa pili tulifunge turubai kwenye baiskeli. Mzigo umepungua, naye ana furaha kwamba alumini imeshinda.

Shangazi hayupo tena. Minadani sasa mizigo inafika kwa pikipiki, na mvua ikinyesha watu wanakimbilia vibandani. Lakini kinachonirudia si hayo. Ni mikono yake siku ile, ilivyokuwa imetulia, ikijua la kufanya kabla ya kuambiwa. Shangazi hakuwa na mtoto, wala hakusomea ukunga. Likizo ilipokwisha nilimuuliza baba yangu shangazi amejifunzia wapi. Baba akasema, "Aliwahi kuzaa. Zamani, njiani, akiwa peke yake." Leo ningependa kujua ilikuwa njia ipi, na kama mvua ilikuwa inanyesha, lakini hajabaki hata mmoja wa kunijibu.