Makelele ya Kaka

Kaka yangu aliacha vitu vichache: buti za kazini, simu yenye kioo kilichopasuka, na ndani ya simu hiyo albamu moja ya muziki wa metali, ile ya magitaa yanayokimbizana na mtu anayepiga kelele kama amebanwa na mlango. Nyimbo tisa. Alirushiwa na dereva wa lori aliyekuja hapa Iguguno kupakia mafuta ya alizeti.

Alinisikilizisha mara moja tu, uso mzima umejaa furaha. Nikamwambia, "Kaka, huyu jamaa apelekwe zahanati." Alicheka, lakini akazima. Hakunisikilizisha tena. Kicheko kile ndicho kinachoniuma mpaka leo. Alikuwa ananionyesha kitu chake, mimi nikaleta utani.

Baadaye nilisoma mtandaoni kwamba hata mashabiki wa kundi lililoipiga waliipuuza albamu ile ilipotoka. Walisema imepoa, wakarudi kwenye zile za zamani. Basi kaka alipenda kitu ambacho hata wenyewe walikitupa. Nikazidi kumhurumia.

Homa ilipomchukua, nilipewa nafasi yake kwenye mashine ya kukamua alizeti. Ndoto yangu ni kutangaza mpira redioni, bado ninayo. Nikizoa mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, huwa natangaza mechi peke yangu, na mabao nafunga mimi mwenyewe. Mashine inanguruma kiasi kwamba hakuna anayenisikia. Wiki ya kwanza fundi alinivuta sikio akaniingizia maneno: "We mtangazaji! Kelele usiisikilize. Sikiliza chini yake."

Chini yake kuna mlio mwembamba. Alizeti ikiwa haijakauka, mlio unazama. Jiwe likiingia, linagonga mara moja tu, na usipozima upesi mmeharibikiwa. Ilinichukua msimu mzima kuusikia mlio huo. Kaka alikuwa ameusikiliza miaka sita.

Jumapili moja mama alitoka kanisani akaniletea ile simu. "Futa hayo makelele, mwanangu, unijazie kwaya. Simu ya marehemu haiwezi kukaa na mashetani."

"Sawa, mama."

Nilitaka kuisikiliza albamu kabla ya kuifuta, kama kuaga tu. Wimbo wa kwanza, kelele. Wa pili, kelele. Wa tatu, masikio yakafanya kile yalichozoea kazini: yakashuka chini. Huko chini kulikuwa na gitaa zito linatembea polepole, peke yake, wakati juu kila kitu kinakimbia. Linatembea kama mtu anayerudi nyumbani kutoka kuzika. Nilikaa juu ya ndoo nikalia. Kumbe hicho ndicho alichotaka nikisikie, na mimi nikataka mwimbaji apelekwe zahanati.

Mama akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Bado hujafuta?"

"Mama, naomba tuiache."

"Tuiache? Na kwaya yangu utaiweka wapi?"

Simu ilikuwa imejaa, lazima kimoja kitoke. Hapo yule mwimbaji akaachia ukelele mrefu, ukapanda, ukakatika. Mama akasimama palepale.

"Huyu anamlilia nani?"

Ningeweza kumwambia kwamba hajafiwa, ndivyo wanavyoimba. Nikasema, "Sijui, mama. Kizungu chake sikipati."

Kwetu mtu akija msibani huanza kulia tangu njiani, na hakuna anayemnyamazisha. Watu hukaa, wakamsubiri. Mama aliweka mwiko chini, akavuta kigoda, akaketi karibu yangu na kujifunika khanga magotini.

"Mwache amalize," akasema.

Tukakaa hivyo, yeye akitazama chini, simu ikitetemeka juu ya sinia. Wimbo ukaisha.

"Amemaliza?"

"Bado nyimbo sita, mama."

Akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Masikini. Kwaya itasubiri. Weka."