Mtunza Samaki na Ndoo Nne

Wewe ungetia maji ya bomba kwenye tangi la samaki wa baharini kwa sababu tu bosi amesema? Mtunza samaki wa hoteli yetu huogopa hata kuitwa ofisini. Hufuta viganja kwenye suruali kabla ya kubisha hodi. Lakini maji huyachagua kama mama anayemchagulia mwanawe dawa: hununua yaliyochujwa, huyanusa, huyapima, kisha huyatia chumvi na kuyasubiri siku nzima. Siku ile alikuwa ameshachota ndoo nne za maji machafu alipogundua kwamba madumu mapya ya maji aliyonunua yananuka klorini, dawa ileile ya maji ya bomba.

“Jaza ya bomba,” meneja alimwambia. “Wageni wanafika kesho.”

“Klorini itawaua, bosi. Nipe siku mbili.”

“Hao ni samaki, mzee, si wakwe zako. Jaza, au kazi basi.”

Aliokota ndoo tupu, akatoka nayo.

Kesho yake asubuhi, wageni wakiingia, nilimkuta amesimama mbele ya kioo, mabega yakiziba pengo la maji yaliyopungua. Meneja alimnong’oneza asogee. Jasho lilimtiririka shingoni. Hakusogea. Nyuma yake samaki wote saba walikuwa wakiogelea.