Kioo cheusi cha karavani ya jangwani Doha, na baridi ya friji ambayo hadi leo sijaielewa

Wakuu wa jukwaa hili, wakubwa kwa wadogo, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni Mwanaidi, binti wa Salimu Kombo, mkata mkonge. Mama yangu ni Tatu binti Athumani. Nimezaliwa Muheza, mkoa wa Tanga, kwenye kambi ya mashamba ya mkonge.

Shule sikupelekwa hata siku moja. Anayeandika ni mjukuu wangu Salma. Mimi nasema, yeye anabonyeza. Nimemwamuru asiongeze wala asipunguze, na kila kipande ananisomea kabla hatujaendelea. Kwa hiyo mtakayoyasoma ni kweli tupu.

Yalitokea msimu huu wa baridi, hapa Doha. Nimeyafikiri sana, na bado yananichanganya. Ndiyo sababu nimekuja kwenu.

Kwanza mjue nimefikaje huku.

Mwanangu Hamisi ni msimamizi wa madereva katika kampuni ya mtu mmoja wa hapa. Anaishi Al Wakrah, mji wa jirani, na mkewe pamoja na huyu Salma. Mimi nimekuja kuwatembelea. Mwenye kampuni ndiye kafili wake, maana yake ndiye aliyemdhamini kuishi na kufanya kazi katika nchi hii. Kafili akimkataa, familia nzima inafunga mizigo.

Sasa sikilizeni jambo la kwanza lililonishangaza.

Huku, baridi ikiingia, watu wenye nyumba za marumaru wanaziacha na kwenda kulala jangwani. Kwa hiari yao! Kwetu mtu hujenga ili asilale nje. Hawa hujenga, kisha huvuta karavani, kijumba cha bati chenye magurudumu, kitanda, jiko na friji, wakakiweka mchangani mahali ambapo huoni nguzo ya umeme hata moja. Nilipouliza sababu, Hamisi alinijibu, "Wanapumzika, Mama." Kupumzika na nini, hakusema.

Kafili huyo ana mama yake mzee. Sisi tunamwita Bi Hajati. Msimu uliopita alipelekwa jangwani, lakini jenereta lilinguruma na moshi wake ukamkaba kifua. Hakumaliza hata usiku mmoja, akarudishwa mjini.

Mwaka huu Hamisi akasema mbele ya kafili, "Niachie mimi. Nitaweka umeme wa jua. Hauna kelele, hauna moshi."

Kafili akakubali. Lakini akaongeza kwamba mama yake akirudishwa tena mjini kwa sababu ya umeme, basi yeye na Hamisi watakuwa na mazungumzo kuhusu mkataba. Na mkataba wenyewe ulikuwa umebakiza muda mfupi.

Kwa hiyo riziki ya mwanangu ikawa inaning'inia kwenye nyaya. Nilimgombeza. Nilimwambia, "Nani alikutuma kusema?"

Familia ya kafili ingekuja Ijumaa baada ya sala. Hamisi akanichukua siku chache kabla, ili tuujaribu umeme huo na mimi nipate kupumzika, kama wanavyopumzika wao. Salma alikuwa na shule, akabaki na mama yake.

Tulipofika, Hamisi akaegemeza nje kioo kikubwa cheusi, kipana kama mlango. Kutoka pale akapitisha waya hadi kwenye sanduku lililokuwa chini ya kitanda. Ndani ya sanduku mlikuwa na betri, na juu yake kijitaa. Kikiwa kijani, betri imeshiba. Kikiwa chekundu, ina njaa.

Akaniambia, "Mama, sanduku hili usiliguse hata kwa kidole."

Sikuligusa. Nalisema hili mbele yenu nyote: sikuligusa.

Jioni ya kwanza taa ziliwaka, friji likapoza, maji yakatoka bombani. Kimya kabisa. Nikamsifu mwanangu moyoni. Mdomoni sikumsifu, maana watoto wakisifiwa mapema huharibika.

Asubuhi Hamisi akaenda mjini kazini, nikabaki peke yangu. Jirani yetu alikuwa Barasa, kijana wa Kakamega, mlinzi wa kambi ya pili.

Upepo ukaanza. Wakuu, vumbi la huku si la kawaida. Ni jembamba kama unga wa sembe na linaingia hata kwenye jino. Nikatazama kile kioo cha watu, kipya, kinameremeta, na vumbi linatua juu yake.

Hapa naomba nitoke kidogo kwenye njia.

Baba yangu alikuwa na redio. Mama aliifumia kitambaa cheupe chenye pindo la maua. Mchana kutwa redio ilikaa chini ya kitambaa chake. Jioni baba akirudi, mama anakifunua, tunasikiliza. Ndivyo tulivyolelewa. Kitu cha thamani hufunikwa wakati wa kupumzika kwake na kufunuliwa wakati wa kazi yake.

Sasa kioo cha taa kina kazi gani mchana? Taa huwashwa usiku.

Basi nikachukua kanga yangu ya maua mekundu, nikakifunika vizuri, nikakandamiza pembe kwa mawe. Jioni, kabla Hamisi hajarudi, nikakifunua na kukipangusa, akikute safi.

Nikafanya hivyo kila siku.

Jioni ya pili kijitaa kikawa chekundu. Taa zikafifia, friji likanyamaza. Asubuhi maziwa yalikuwa yamechacha na nyama ilikuwa na harufu.

Hamisi akafungua sanduku, akakaza nyaya, akazilegeza, akazikaza tena. Barasa akaja kutazama.

"Boss, hii betri imekufa. Zika tu."

"Nimeitoa dukani juzi, Barasa."

"Basi walikuuzia marehemu."

Mimi nikawaza. Zamani mawe ya redio, yaani vibetri vyake, yakiishiwa nguvu, tulikuwa tunayaanika juani, na redio ilisema tena siku mbili tatu. Nikawaambia, "Toeni betri hiyo gizani muiweke juani. Ndiyo dawa yake."

Hamisi akasema taratibu, "Mama, hii si jiwe la redio."

Barasa alicheka hadi akakaa mchangani. "Mathe anataka kuanika betri kama omena!" Omena kwao ni dagaa, na mathe ni mama.

Nikamwambia, "Mimi si mathe wako. Niite Bibi."

"Pole sana, Bibi mathe."

Kesho yake Hamisi akaja na betri nyingine ya kuazima. Ikafa vilevile. Akabadilisha nyaya. Haikusaidia. Mimi sikuelewa wanatafuta nini, nao hawakuelewa wamekosa nini. Kila asubuhi mwanangu aliondoka amekunja uso, nami nilizidi kukitunza kile kioo, nikijiambia angalau hiki kisije kikaharibika pia.

Ikafika Alhamisi jioni. Kijitaa chekundu.

Hamisi akakaa kwenye ngazi ya karavani, simu mkononi. Akasema, "Mama, nampigia kafili. Namwambia asimlete mama yake."

Nilimtazama. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, lakini alikaa kama siku aliyopotezewa kalamu shuleni.

Wakati huo Barasa akaja na birika la chai, kutupa pole. Akanimiminia kikombe, akaniuliza, "Lakini Bibi mathe, hiyo leso yako hukauka saa ngapi? Kila siku naona umeianika kwa hiyo sola mpaka jioni."

Hamisi akaishusha simu.

"Leso gani?"

"Ile ya maua mekundu."

"Mama."

"Naam."

"Unakifunika kioo?"

"Nakikinga na vumbi. Mchana hakina kazi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokileta. Ulinikataza sanduku. Kioo hukunikataza."

Akaitia simu mfukoni. Barasa alikuwa ameziba mdomo kwa kofia yake, mabega yanatikisika.

"Mama, mchana ndipo kinapokula."

"Kinakula nini?"

"Jua."

Nikakigeukia kioo. Kisha nikamuuliza, "Basi niliposema betri inataka jua, mlicheka nini?"

Wakuu, Barasa alichukua birika lake, Hamisi akaenda kukitazama kioo. Jibu langu nalidai hadi leo.

Hamisi hakupiga ile simu. Ijumaa alizima kila kitu ili betri ishibe kwanza. Mimi nikakaa kando ya kioo tangu jua lilipochomoza, na kanga ile ile, nikipangusa vumbi kila lilipotua. Kafili na familia yake walifika kijitaa kikiwa bado chekundu. Hamisi akawakaribisha kahawa nje, akawazungusha, akawaonyesha bahari kwa mbali. Alasiri nikaingia kuchungulia, nikakikuta kimegeuka kijani. Nilitoka nje nikamwinamishia kichwa, naye akajua.

Usiku ule taa ziliwaka bila sauti, na Bi Hajati akalala hadi alfajiri.

Ninalotaka mlisikie zaidi ni la Jumamosi asubuhi.

Upepo ulikuwa umeanza tena. Nikatoka na kanga yangu kwenda kupangusa. Nikamkuta Bi Hajati ameinama, ametandaza shela lake jeusi juu ya kioo, anakandamiza pembe kwa mawe.

Nikaliondoa. Akanikazia macho, akalirudisha.

Nikaliondoa tena. Akasema maneno makali. Kiarabu changu mimi ni cha sala tu, kwa hiyo nikamshika mkono. Nikamwonyesha jua. Nikamwonyesha kioo. Nikampeleka ndani, nikafungua friji, nikamwekea kiganjani chupa ya maziwa ya baridi.

Akaitazama chupa. Akatazama jua mlangoni. Akasema jambo, na Hamisi, aliyekuwa amesimama nje roho mkononi, akanitafsiria: "Anauliza, moto ule umezaaje baridi hii?"

Nikasema, "Mwambie hata mimi nauliza."

Bi Hajati akacheka, tukacheka wote wawili, tumeshikilia chupa moja. Kafili akaja kuona mama yake anachekea nini. Walikaa hadi wiki iliyofuata, na kabla ya kuondoka alimwambia Hamisi alete karatasi za mkataba zitiwe saini.

Nililojifunza ni hili. Ukimpa mzee kitu cha kisasa, usimwambie tu asichotakiwa kukigusa. Mwambie kinaishi vipi. Na ninyi vijana, mzee akisema neno, lifikirini kabla ya kucheka.

Sasa nawauliza wenye elimu. Kioo kinakula jua, hilo nimekubali. Lakini moto ule unapita kwenye waya na kutokea upande wa pili ukiwa baridi kwa njia gani? Hamisi amenieleza mara nyingi, nami nimeitikia ili apumzike. Aelezaye vizuri nitamwombea dua. Atakayekuja kunicheka, Salma atanisomea jina lake.

Salma, sasa nakuagiza wewe.

Majina ya baba na mama yangu yaache pale juu kama nilivyoyataja, usiyafupishe. Kicheko cha Barasa kiache pia, kilikuwa cha haki.

Kanga ya maua mekundu usiifanye dekio. Iweke kwenye sanduku langu, pamoja na kile kitambaa cha redio cha mama yangu. Siku ukipata nyumba yako, kitambaa kiweke juu ya chochote ukipendacho.

Ila uliza kwanza kama kinakula.

Hapo weka nukta.