Galaksi iliyofutwa kama chunusi

Saa moja jioni umeme unakatika Kampemba, mjini Lubumbashi, na mtaa mzima unaguna kwa pamoja. Redio zinanyamaza. Mwenye saluni anaapa kwamba safari hii atahamia Zambia, kama alivyoapa wiki iliyopita. Katika lupango moja nyuma ya soko, yaani ua wa nyumba tatu zenye geti moja, mwanamke mmoja anacheka peke yake.

Gaëlle Kapinga anatoka mbio, kamera shingoni, mbao mbili kwapani. Anaziweka juu ya ndoo iliyojaa mchanga. Mbao hizo ni kazi ya seremala wa mtaani: zimeshikana kwa bawaba, na skrubu ndefu inapita katikati. Kamera inakaa juu, naye anazungusha skrubu kwa mkono, polepole, ili kamera ifuate mwendo wa nyota. Akizungusha kwa pupa, nyota zinatoka kama tambi. Akisinzia, hali ni ileile.

"Bengine beko banalia courant," anasema, akimaanisha umeme, bila kuinua macho. "Miye naomba Mungu asirudishe mbio."

Kisha anatazama juu, anatazama ukuta, anatazama juu tena. Ni mwisho wa Septemba. Joto limekaza, na mawingu ya kwanza yameanza kupita jioni kama wageni wanaouliza njia. Mvua zikishika, anga ya Lubumbashi inafungwa hadi Aprili. Gaëlle anakaa, anasimama, anafuta lenzi ambayo ameshaifuta. Ukimwambia atulie kidogo, anakujibu kwamba atatulia mvua ikinyesha.

Anachokiwinda hakionekani kwa macho. Ni galaksi hafifu katika kundinyota la Mchongaji, ambayo wanaastronomia wanaijua kwa namba tu, mia tatu. Mwanga wake umesafiri miaka kama milioni sita, halafu unafika Kampemba na kukutana na taa za baa, taa za malori na wekundu wa tanuru za shaba unaopaka upeo wa macho. Ndiyo maana picha moja haitoshi. Gaëlle anapiga mamia, kila moja ya sekunde chache, kisha kompyuta inazilaza moja juu ya nyingine mpaka kile kilicho cha kweli kijitokeze. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Mchana, Gaëlle mwenye miaka thelathini na minane ni mpiga picha wa kawaida. Wazazi wake walitoka Kasai, yeye kazaliwa hapahapa. Ana kibanda cha picha za pasipoti karibu na soko, na Jumamosi anapiga harusi. Harusi moja nzuri ya mtaa wa Golf, penye majumba ya kifahari, inalipa kodi yake ya miezi miwili. Kwaresima ikiingia, watu hawaoi, na yeye na wanawe wawili wanaishi kwa nyuso za pasipoti.

Kazi hiyo anaipenda, ila kuna kitu ndani yake kinachomkera hadi kwenye mifupa. Bibi harusi anataka awe mweupe zaidi ya alivyo. Bwana harusi anataka tumbo lipungue. Mama mkwe anataka mikunjo ya shingo iondoke, na tafadhali iondoke kabla ya albamu kufika kwa wifi.

"Kila muntu anakuya na sura yake, anataka kutoka na ya mwengine," anasema. "Miaka yote miye niko nafuta tu. Nafuta chunusi, nafuta alama, nafuta weusi. Siku moja nikajiuliza: kuko kintu hata kimoja nilipiga vile kiko?"

Mbingu alizigundua kwa bahati. Usiku mmoja wa kukatika umeme alikuwa anajaribu lenzi ya mtumba, akaiacha wazi ikitazama juu kwa muda. Picha ilipotokea kwenye kioo cha kamera, ilikuwa na nyota nyingi kuliko alizoziona yeye mwenyewe. Akaingia kwenye kikundi cha simu cha wapiga picha wa anga, wanaoandikiana kwa Kifaransa, akajifunza habari za mbao na skrubu, akachagua galaksi yake. Kwa nini hiyo? Kwa sababu waliomtangulia walisema kutoka mjini haiwezekani. Gaëlle ndivyo alivyo, ukimwambia mlango umefungwa atakuomba kitasa.

Kiangazi cha kwanza hakupata kitu. Cha pili vilevile: weusi laini, mzuri, mtupu. Akabadilisha lenzi, akabadilisha kona ya ua, akagombana na kila mwenye taa. Mwishowe mtu mmoja wa kikundi, mkazi wa Kananga, akamwuliza swali la kitoto: ukishapiga picha, kitu cha kwanza unachofanya ni nini?

Akajibu bila kufikiri. Naisafisha.

Hapo ndipo alipoliona kosa lake. Kabla ya kulaza picha zake pamoja, alikuwa anapitisha kila moja kwenye kichujio cha kompyuta cha kulainisha ngozi za maharusi, ambacho mkono wake umekizoea kiasi kwamba haumwombi ruhusa. Kichujio kile kikiona doa hafifu shavuni, kinalifuta. Kwenye mbingu ya Kampemba kulikuwa na doa moja hafifu. Kwa viangazi viwili alilipiga kwa jasho usiku, na asubuhi akalifuta mwenyewe.

"Nililia, nakuambia kweli," anasema. "Nilifanyia ile galaksi kintu kile nafanyiaka ba bibi harusi. Nilimufuta kama chunusi."

Picha za asili hakuwa nazo tena. Alikwisha kuzifuta ili kupata nafasi ya harusi. Ilinusurika kadi moja tu ya kamera iliyosahauliwa mfukoni mwa begi, yenye kazi ya usiku mmoja. Alipozilaza picha za kadi ile, kikatokea kivuli cha kijivu, kama pumzi kwenye kioo. Kinaweza kuwa galaksi. Kinaweza pia kuwa vumbi jekundu la Lubumbashi lililoketi kwenye lenzi. Njia ya kujua ni kupiga upya, picha nyingi, lenzi safi, kabla ya mvua. Ndilo jambo linalomnyima usingizi mwaka huu.

Na mwaka huu ndipo wezi waliporuka ukuta.

Walimwibia Mama Espérance Masika, mjane kutoka Butembo anayeuza maharage ya jumla na anayekaa chumba kinachopakana na ukuta wa nyuma. Walichukua magunia na sufuria, yeye akiwa ndani, akishika mdomo kwa mikono miwili asisikike anapumua. Baada ya hapo mwenye lupango, Papa Adalbert, mstaafu wa reli, akafunga taa kubwa inayotumia jua. Taa hiyo haijui kukatika kwa umeme. Usiku ua ukawa mweupe kama chumba cha upasuaji.

Gaëlle akaenda kulalamika. Papa Adalbert akawaita wote uani, chini ya taa yenyewe.

"Galaxie yangu haiwezi kungoja, Papa," Gaëlle akasema. "Mukiacha hii lampe, mwaka inapotea."

Mama Espérance akamtazama kwa utulivu. "Weye unatafuta nyota, mutoto yangu. Miye natafuta kulala."

Gaëlle anakiri hadi leo kwamba aliona aibu, kwa sababu kwa wiki nzima alikuwa amefikiria taa, na mwanamke aliyeibiwa hakumfikiria hata kidogo.

Papa Adalbert akakuna kidevu, akamkabidhi Gaëlle rimoti ya ile taa na filimbi. Kampemba filimbi inajulikana: ikilia usiku, barabara nzima inatoka na sufuria na michi. "Siku weye uko inje, tunazima," akasema. "Lakini siku ile, weye njo lampe. Ukisikia kintu, unawasha. Usiwaze picha."

Kwa majuma kadhaa mambo yakaenda. Jicho moja juu, sikio moja ukutani, mkono kwenye skrubu. Kulinda na kupiga picha ni kazi mbili zisizopatana, na Gaëlle alianza kukonda.

Kisha ukaja usiku ambao mpiga picha wa mbingu huuomba. Umeme haukuwapo, upepo ulikuwa umefagia vumbi, hata tanuru zilionekana zimepumzika. Kila picha ilitoka safi. Ndipo kitu kikakwaruza ukuta wa Mama Espérance.

"Nilijiambia iko paka," anasimulia. "Kikakwaruza tena. Nikajiambia tena iko paka. Halafu nikamuona yule mama mu kichwa yangu, anashika kinywa."

Akabonyeza rimoti, akapuliza filimbi. Ua ukawaka, kamera ikajaa mwanga, barabara ikatoka na michi. Juu ya ukuta alikaa paka, amekerwa. Watu walicheka hadi wakaketi chini. Katika hekaheka mtu aliipiga ndoo teke, mbao zikaanguka, na mpaka zitengenezwe tena usiku ule mzuri ulikuwa umekwisha. Gaëlle aliingia ndani akafunga mlango.

Mtu mmoja hakucheka. Jioni iliyofuata, Gaëlle alipotoka na kamera, alimkuta Mama Espérance ameshaketi kwenye kigoda, blanketi mabegani, mchi mapajani, amegeukia ukuta.

"Ulinilinda, hata kama ilikuwa paka," mama akasema. "Weye angalia juu. Ukuta ni wangu."

Tangu hapo wanakaa mgongo kwa mgongo. Leo pia wapo. Wingu linapita, Gaëlle anasimama, anaguna, anaketi. Anahitaji siku tatu nne tu za anga safi usiku, na hajui kama atazipata. Amepanga kuchapa picha yake kwa ukubwa wa ile ya bibi harusi na kuitundika mlangoni mwa kibanda, bila kuilainisha, na chembechembe zake zote.

Mama Espérance anauliza bila kugeuka. "Na kama ile kintu iko vumbi?"

Gaëlle anaacha kuzungusha. Kwa mara ya kwanza jioni hii ametulia.

"Itakuwa vumbi, Mama. Nitaandika pale chini: vumbi ya Kampemba. Lakini sitaifuta tena."

Mama Espérance anavuta kigoda karibu zaidi na ukuta.

"Basi piga," anasema. "Wingu imepita."