Hori la Kondoo Wetu

Kila nipitapo kwenye mashine ya kusaga, harufu ya pumba zilizo bado na joto hunirudisha zizini kwetu Hasamba. Kondoo walikuwa wakisukumana horini, na yule mnyonge akirudi nyuma na kutazama tu. Mama alikuwa akiniambia, "Hebu mshike shingo huyo mkubwa, mwenzake naye ale." Nami nilimng'ang'ania mpaka mnyonge akashiba.

Kisha tuliingia jikoni kula ugali na maharage kwenye sahani moja, mimi na mdogo wangu, aliyekuwa akila polepole. Mama alipomuuliza, "Umeshiba, mwanangu?" aliitikia kwa kichwa, akitazama sahani niliyokwisha kuifuta kwa tonge.

Mpaka tunamzika mdogo wangu huyo, hakuna aliyewahi kunishika mimi shingo.