Nyota Iliyoporomokea Matogoro

Simu ya msimamizi wa utafiti wangu ilinikuta jikoni, saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi, nikikoroga uji wa mama. Yeye anafundisha chuo kikuu Dar es Salaam. Mimi nilikuwa nimerudi Songea, nafundisha fizikia kwenye chuo cha ualimu, na tasnifu yangu ya udaktari naiandikia kwenye meza ya kulia chakula, nyumbani kwa mama, Matogoro. Siku hiyo profesa alianza kwa kuuliza hali ya mama, akauliza mahindi yamekaukaje, kisha akauliza tena hali ya mama. Nikajua kuna jambo.

"Mwalimu," akasema, "kile kipengele cha tatu, cha msukumano. Umekiweka ndani ya chembe, sivyo?"

"Ndiyo, Profesa."

"Na baadaye ukakiweka tena kati ya chembe na chembe."

Uji ulianza kushika chini.

"Nguvu ni ile ile moja," akasema taratibu, kama mtu anayempa mwenzake habari za msiba. "Umeihesabu mara mbili."

Niseme kidogo kazi yenyewe ilihusu nini, maana watu huniuliza, na wengi wao hujuta. Nyota kubwa sana ikiishiwa na cha kuunguza, kiini chake hujikunja kwa uzito wake chenyewe. Mara nyingine hubaki mpira mdogo uliogandamizwa mno: ukiuweka hapa kwetu, ukingo mmoja ukiwa soko kuu la Songea, ukingo wa pili utakuwa unakaribia Peramiho. Lakini ndani ya mpira huo mna uzito mkubwa kuliko wa Jua lote. Kijiko kimoja cha chai cha kitu hicho ni sawa na kilima kizima, sema kimojawapo cha hivi vya Matogoro ninavyoviona dirishani. Kinachouzuia mpira usiendelee kujikunja ni tabia ya chembe zake, zinazoitwa nyutroni. Hazikubali kukaa mbili katika hali moja, na zikisongamana kupita kiasi zinasukumana.

Swali ni nini kinatokea katikati kabisa. Je, nyutroni zinabaki nyutroni, au zinapasuka na kumwaga kwaki, chembe ndogo zaidi zilizomo ndani yake? Hakuna aliyefika huko, wala hakuna maabara inayoweza kukiiga kitu hicho. Kwa hiyo watu kama mimi tunaandika milinganyo. Kila mlinganyo unatoa nyota yake, na kila nyota ina uzito wa mwisho inaoweza kuubeba. Wanaotazama anga kwa darubini wameshaziona nyota za aina hii zenye uzito wa Jua mara mbili hivi. Basi mlinganyo ambao nyota yake haiwezi kubeba Jua mbili, unatupwa. Hauna rufaa.

Ya kwangu ilibeba Jua mbili na kidogo. Nilikuwa nayo miaka minne.

Niliipua uji, nikampelekea mama uani alikokuwa anapukuchua mahindi, nikarudi mezani. Nikafuta mstari mmoja. Mmoja tu. Kompyuta ikafikiri kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, ikachora mchoro upya, na nyota ikagoma kwenye Jua moja na nusu. Nikarudia. Ikagoma palepale. Nikazima kompyuta na kuiwasha, jambo ambalo huwakataza wanafunzi wangu kuliita utafiti. Ikagoma palepale.

Mama akaingia na bakuli tupu. "Mbona umekaa hivyo?"

Ningeweza kusema nina makosa kwenye hesabu. Ingekuwa kweli, na yote yaliyofuata yasingetokea. Lakini nilikuwa nimeumia.

"Mama, nyota yangu imeanguka."

Akaweka bakuli mezani, juu ya karatasi zangu. Akaniangalia. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, sijaolewa, na digrii mbili ukutani kwenye fremu.

"Nilikuwa naogopa hilo," akasema.

Mama ni Mkatoliki wa misa ya kwanza na rozari mfukoni. Mambo ya nyota za watu hayasemi mbele ya kanisa. Lakini ana rafiki yake, jirani yetu wa ukuta mmoja, Myao wa Nakapanya aliyeolewa huku zamani, na kati ya hao wawili hakuna siri inayolala. Kabla ya saa sita jirani alikuwa sebuleni kwetu, kanga begani.

"Imeanguka lini?" akaniuliza.

"Leo, mama. Lakini si hiyo mnayoifikiria. Ni nyota ya utafiti."

"Hewala. Na utafiti ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi nyota ni yako." Akamgeukia mama. "Mwenzangu, msichana mzuri, kasoma, kazi anayo, miaka inakwenda. Mtu kamfanyia. Yupo Mtaalamu Namtumbo, anasafisha nyota. Mtoto wa dada yangu alikwenda, na sasa ana watoto watatu, alhamdulillahi."

Nilieleza tena. Nilichukua hata embe dodo na punje ya hindi nikaonyesha ukubwa wa Jua na ukubwa wa ile nyota. Walinisikiliza kwa huruma kubwa. Nilipomaliza, mama akauliza Mtaalamu anapokea watu siku gani.

Wanafunzi wangu wakisoma haya watashangaa kwamba nilikwenda. Nilikwenda. Wiki nzima nilikuwa nimeugeuza ule mlinganyo kila upande na sikuwa na wazo lililo bora kuliko Namtumbo. Mama alipitia kwanza kanisani. Alisema amemweleza Mungu kwamba yeye haendi kwa mganga, anamsindikiza jirani.

Nyumba ya Mtaalamu ilikuwa ya bati jipya, na nyuma yake bani la kukaushia tumbaku, maana alikuwa pia mkulima. Yeye mwenyewe hakuwa na usinga wala ngozi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni, daftari mbele yake. Wateja walikaa kwenye benchi nje, kwa zamu, kimya, kwa nidhamu ambayo sijawahi kuipata darasani. Aliwaamkia mama na jirani "shikamoo," nami nikamwamkia yeye, kisha akafungua ukurasa mpya.

"Nyota yako ilianza kufifia lini?"

"Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi."

Akainua macho. "Una uhakika wa saa?"

"Ipo kwenye simu."

Akaandika. "Unamjua aliyeiangusha?"

"Profesa wangu."

"Nilijua ni mtu wa karibu," jirani akanong'ona.

"Alitumia nini?"

"Kipengele cha tatu."

Mtaalamu akaweka kalamu chini. "Binti, tuanze upya. Wewe unafanya kazi gani?"

Nikamweleza, na huyu, tofauti na wote niliowahi kuwaeleza katika mkoa wa Ruvuma, aliuliza maswali.

"Hiyo nyota umeiona?"

"Hapana. Ziko mbali sana."

"Profesa ameiona?"

"Hapana."

"Huko ndani yake, kuna mtu amewahi kuingia akatoka?"

"Hawezi."

"Sasa mnajuaje yaliyomo?"

"Kwa hesabu."

"Na hesabu ndiyo iliyokosea."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa polepole. "Wateja wangu," akasema, "wananibana kwa ushahidi zaidi ya hivyo."

Mama alicheka. Alijaribu kukifanya kicheko kiwe kikohozi, lakini alicheka, na mimi pia nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu ile simu.

Mtaalamu alifunga daftari. Alisema hii hawezi kuisafisha, kwa sababu yeye hufanya za watu tu, na hakutaka kutudanganya. "Mimi mgonjwa akinishinda namwambia nimeshindwa, nenda hospitali, nenda Mbesa. Hata ninyi waambieni tu hao wenzenu kwamba haisimami." Kisha akaita anayefuata.

Sikupenda kabisa kwamba ule ndio ushauri pekee wa maana niliopewa mwaka ule. Wa profesa ulikuja baada ya wiki mbili na ulisema jambo lile lile, ila kwa barua pepe ya kurasa tatu. "Matokeo hasi nayo ni matokeo," aliandika, na nilimsikia kabisa akiyasema kwa sauti ya mtu aliyekuja kumwona mgonjwa.

Basi nikaandika. Miezi mitano nilithibitisha kwa uangalifu kwamba nyota ya aina niliyoitetea miaka minne, msukumano ukihesabiwa mara moja kama inavyostahili, haiwezi kubeba uzito tunaouona angani. Nilibadilisha kila kitu kilichoruhusiwa kubadilishwa, na kila mara iliporomoka. Jarida liliikubali makala. Mmoja wa wakaguzi alisema ni kazi safi. Wa pili alisema ni kazi safi, lakini akauliza kwa nini ilihitajika.

Nilipomwambia mama imekubaliwa, alikaa chini.

"Kwa hiyo umeandika kwamba hiyo nyota haipo."

"Ya aina hiyo, ndiyo. Haipo."

"Miaka minne."

"Na miezi mitano."

"Na kwa hilo watakuita daktari?"

"Nikijibu maswali vizuri."

Alifikiri, akaamua kufurahi. Jumapili ile, kwenye jumuiya, ulipofika wakati wa shukrani, alisimama akawaambia wenzake kwamba binti yake amethibitisha kisayansi kwamba nyota haipo. Walipiga makofi. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa karibu na mlango, na kabla sijajua nirekebishe nini, wimbo ulikuwa umeanza.

Habari ile ilifika Namtumbo haraka kuliko jarida lilivyofika kwa wasomaji wake. Alasiri moja pikipiki ilisimama mlangoni, akashuka Mtaalamu, shati lake limepigwa pasi vilevile. Alimwamkia mama, akapokea maji, akaulizia mazao. Ndipo akanigeukia.

"Daktari, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea chochote, mzee wangu."

"Watu wanakuja kwangu wanauliza. Wanasema yuko mtaalamu Songea, mwanamke, amepima na kompyuta, nyota hakuna. Mmoja alikuwa ameshakaa kwenye benchi, akainuka akaenda zake." Hakuwa na hasira. Alikuwa na masikitiko, na hayo yalikuwa mabaya zaidi. "Mimi nilikwambia ukweli wangu wote. Nilikwambia siwezi."

Niliona aibu. Mama naye aliona, maana alikwenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Nilimweleza Mtaalamu nilichosema hasa kwenye makala, na kwamba nyota za watu sikuzigusa.

"Niandikie hivyo," akasema.

Nikachana karatasi kwenye daftari nikaandika: "Utafiti wangu unahusu aina moja ya nyota za mbali angani. Hauhusu nyota za watu."

Alisoma mara mbili. "Ongeza kwamba za watu zipo."

"Siwezi. Sijazifanyia utafiti."

"Basi andika hilo."

Nikaongeza: "Kuhusu nyota za watu, mwandishi hajafanya utafiti wowote." Nikatia sahihi. Akauliza kama kuna muhuri, nikasema hakuna, akavumilia. Katika yote niliyoandika mwaka ule, hizo sentensi tatu ndizo pekee ambazo hakuna mkaguzi aliyezipinga.

Miezi miwili baadaye jirani alirudi kutoka kwao Nakapanya akanipa habari. Gari lao lilikuwa limesimama Namtumbo, naye akapita kusalimia. Karatasi yangu iko ukutani, juu ya benchi, ndani ya fremu, na mtu amepigia mstari neno "utafiti". Wanaosubiri wanaisoma. Wengi wanaelewa kwamba daktari wa Songea ameikabidhi kazi hiyo kwake, kwa kuwa yeye ndiye mwenye ujuzi nayo.

Nilitaka kwenda kuitoa. Nilifika mpaka stendi. Nikasimama pale nikijaribu kutunga nitakachomwambia mtu aliyeniambia ukweli bila kunizungusha. Kila nilichotunga kilikuwa na uongo zaidi kidogo kuliko ile karatasi, au kigumu kueleweka zaidi. Gari likajaa, likaondoka. Nikanunua nyanya, nikarudi nyumbani.

Tasnifu niliitetea Dar es Salaam. Mtahini wa nje, mtu mpole mwenye suti ya kijivu, aliniuliza niligunduaje kosa. Nikasema sikuligundua mimi, lilinikuta nakoroga uji. Aliandika jambo kwenye karatasi zake ambalo sijalijua mpaka leo. Walinipa udaktari.

Sasa nina mlinganyo mwingine. Katika huu, kwaki hazitoki kwa ghafla, zinachanganyika na nyutroni polepole kadiri unavyokwenda ndani, na kwa mahesabu ya awali nyota inafika Jua mbili. Mama ameniomba safari hii nisimwambie chochote mpaka profesa aangalie kipengele kimoja kimoja, nami nimekubali. Ila juzi nilimsikia uani akimwambia jirani, kwa sauti ya chini ya watu wazima, kwamba mtoto anaendelea vizuri, na kwamba nyota ya safari hii, Mungu akipenda, ni ya kuolewa.